Fahamu: Ayurveda na tumbo linalosumbua

Ayurveda ni mfumo wa tiba asilia ulioanzia India zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa wafuasi wake, afya ya mwili mzima hutegemea usagaji wa chakula.

Chanzo cha tatizo ni nini?

Ayurveda inafundisha kuwa tumboni kuna "moto" uitwao agni. Ukififia, chakula hakisagiki vizuri, na mtu hupata gesi, kuvimbiwa au kufunga choo. Ukizidi, huleta kiungulia.

Tiba zake

- Mlo: chakula kilichopikwa na chenye uvuguvugu, mlo mkubwa uliwe mchana, na mtu aache kula kabla hajashiba sana.
- Viungo: tangawizi, bizari nyembamba na shamari, huchemshwa au hutafunwa.
- Triphala: unga wa matunda matatu makavu (amalaki, bibhitaki na haritaki), hutumika kulainisha choo.

Sayansi inasemaje?

Tangawizi ina ushahidi mzuri wa kupunguza kichefuchefu. Tafiti nyingi kuhusu Triphala ni ndogo.

Tahadhari

Mwaka 2008, jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti. Takriban moja ya tano zilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki.

Wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kwanza. Choo chenye damu, maumivu makali au kupungua uzito bila sababu ni dalili za kwenda hospitali.