Je, Wajua? Mahindi yaliyolazwa na upepo hujiinua yenyewe

Upepo ukilaza mahindi yanayokua huko Karatu, chini ya milima ya Ngorongoro, usiharakishe kuyang'oa. Ndani ya vifundo vya bua kuna seli zinazotambua upande ilipo ardhi. Homoni iitwayo auksini hukusanyika upande wa chini; seli za huko hurefuka kuliko za juu, na bua hupinda kuelekea angani. Homoni hiyo hiyo huongozwa pia na mwanga: ukitoka upande mmoja, auksini huhamia penye kivuli, na chipukizi huinamia nuru. Mwaka 1880 mwanasayansi Charles Darwin na mwanawe Francis walionyesha kuwa ncha ya chipukizi la nyasi ndiyo inayohisi mwanga huo. Lakini bua la mahindi lililovunjika haliinuki. Lililoinama tu, mizizi ikiwa imara, lipe siku chache.