Nani Aseme "Hapana" Juu ya Tiba ya Mtoto?

Katika Marekani, nchi ijivuniayo utajiri mbele ya mataifa yote, kuna barua ambayo wazazi wengi wameizoea. Hutoka katika kampuni ya bima, nayo husema kwa maneno machache kwamba tiba aliyopewa mtoto "haina ulazima wa kitabibu", au kwamba ni tiba "ya majaribio", na kwa hiyo kampuni haitalipa. Mzazi aliyekatwa mshahara wake mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya bima hiyo hubaki na deni mkononi.

Leo twataka kuizungumza barua hiyo, hasa ile inayohusu tiba iitwayo kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha pingili za uti wa mgongo kwa mikono. Hatuizungumzi kwa sababu tiba hiyo imeenea kwetu, la, bali kwa sababu ndani ya ugomvi huo mna swali ambalo kila taifa lipendalo watoto wake halina budi kulijibu: Ni nani mwenye haki ya kusema "hapana" juu ya tiba ya mtoto?

Kwanza tuitazame tiba yenyewe. Ilianzishwa mwaka 1895 katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, na mtu aliyeitwa Daniel David Palmer. Huyu hakuwa daktari wa hospitali. Alikuwa mponyaji aliyedai kutibu kwa nguvu za sumaku. Akaamini kwamba magonjwa karibu yote hutokana na pingili za mgongo zilizohama mahali pake na kuibana mishipa ya fahamu. Kwa imani hiyo wafuasi wake hawakuishia kwa wazee wenye maumivu ya kiuno. Baadhi yao waliwaendea hata watoto wachanga, wakiahidi kuponya chango, pumu, maradhi ya masikio na kukojoa kitandani.

Kukandwa si jambo geni kwetu. Wengi wetu tulikandwa kwa mafuta na bibi zetu kabla hatujajua kutambaa. Lakini kumkanda mtoto ili apate usingizi ni jambo moja, na kudai kwamba kumnyoosha mgongo kutamwondolea pumu ni jambo jingine. Dai la namna hiyo lataka ushahidi.

Ushahidi umetafutwa. Huko Norway, mwaka 2001, wataalamu walitangaza matokeo ya kuwachunguza watoto wachanga 86 wenye chango. Watoto 46 walinyooshwa mgongo, na 40 walishikwa tu na muuguzi kwa dakika chache, wazazi wasijue ni nani aliyetibiwa na nani hakutibiwa. Katika wale 46, watoto 32 walipata nafuu. Katika wale 40 ambao hawakutibiwa kitu, 24 walipata nafuu vilevile. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haithibitishi lolote. Iliyo wazi ni kwamba chango aghalabu huondoka chenyewe, naye aliyekuwapo siku hiyo hupewa sifa. Na huko Kanada, mwaka 1998, watoto wenye pumu walionyooshwa mgongo kwa kweli hawakupata faida kuliko wenzao waliofanyiwa mfano wake tu.

Hata hivyo tusihukumu kwa pupa, maana mizani ina pande mbili. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani kwa vijana 185 wa miaka 12 hadi 18 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Wale waliofanya mazoezi ya viungo na kunyooshwa mgongo pia walipungukiwa na maumivu, katika muda wa mwaka mmoja, kuliko wale waliofanya mazoezi peke yake. Basi kijana wa miaka 15 aliyeumia kiuno si sawa na mtoto wa miezi miwili anayelia kwa chango. Jibu la haki hutaka kumtazama kila mmoja katika hali yake.

Je, kampuni ya bima yaweza kuaminiwa kutoa jibu hilo? Hapo ndipo shina la jambo lilipo. Waswahili husema, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kampuni ya bima iendeshwayo kwa faida hupata faida kwa kupokea nyingi na kulipa chache. Kila "hapana" isemayo ni fedha ibakiayo mfukoni mwake. Hata pale inapokataa kwa haki, kama katika tiba ya chango, mzazi hawezi kujua kama amekataliwa kwa sababu ya elimu au kwa sababu ya faida. Na asiyejua huishia kuamini kwamba ameibiwa, na kumkimbilia yuleyule aliyemwahidi mwujiza.

Watu watasema: lakini iko njia ya rufani. Ni kweli. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 imempa mwenye bima siku 180 za kukata rufani. Na akishindwa, aweza kudai kwamba shauri lake litazamwe na mtu wa nje asiye wa kampuni. Sheria hiyo ni njema. Lakini rufani ya kwanza husikilizwa na kampuni ileile iliyokataa, na hiyo ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Wengi huchoka hapo, na wengi zaidi hawaanzi kabisa. Tena wapo mamilioni waliopewa bima na waajiri wao, ambao hutawaliwa na sheria nyingine ya mwaka 1974. Mwenye bima ya namna hiyo akienda mahakamani na kushinda, aghalabu hupewa ile fedha aliyonyimwa tu. Kampuni haitozwi fidia ya kuiadhibu. Mtu asiyeadhibiwa kwa kunyima ana sababu gani ya kuogopa kunyima?

Mtoto wa maskini hali yake ni ya pekee. Mzee wa miaka 65 na zaidi hulipiwa kunyooshwa mgongo na bima ya serikali kuu, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1972. Lakini bima ya maskini huendeshwa na kila jimbo kwa namna yake, na kwa hiyo mtoto wa upande huu wa mpaka aweza kulipiwa, na mwenzake wa upande wa pili asilipiwe. Mgongo wa mtoto haubadiliki kwa kuvuka mpaka wa jimbo!

Wala tusidhani kwamba wenye kuvuta ngozi ni kampuni za bima peke yake. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliunda kamati mwaka 1963, na mojawapo ya makusudio yake lilikuwa kuimaliza kairopraktiki. Wanyooshaji wa mgongo walikishtaki mwaka 1976, na mwaka 1987 hakimu Susan Getzendanner akaamua kwamba chama hicho kilikuwa kimevunja sheria ya kuzuia ukiritimba. Nao wanyooshaji si malaika. Katika Uingereza, mwandishi Simon Singh alipoandika mwaka 2008 kwamba madai yao juu ya maradhi ya watoto hayana ushahidi, chama chao kilimpeleka mahakamani badala ya kuuleta ushahidi. Mwaka 2010 kikaiacha kesi hiyo. Basi kila mmoja ana ngoma yake, na mtoto yumo katikati.

Njia bora ipo, na imekwisha kujaribiwa. Katika jimbo la Victoria, huko Australia, watu waliingiwa na hofu walipoona picha za mtoto wa majuma mawili akinyooshwa mgongo. Serikali ya jimbo haikuliacha jambo hilo kwa wafanya biashara. Iliagiza uchunguzi, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2019 kwa watu wote kuisoma. Uchunguzi huo ulisema kwamba ushahidi wa madhara makubwa ni mchache, lakini ushahidi wa faida ni dhaifu mno. Ukashauri kwamba watoto walio chini ya miaka 12 wasinyooshwe mgongo kwa ajili ya chango, pumu, maradhi ya masikio na mengineyo kama hayo.

Mwenye kusoma na atazame vema. Jibu la Victoria ni "hapana", na barua ya kampuni ya Marekani nayo ni "hapana". Lakini ya kwanza imetolewa hadharani, kwa sababu zilizoandikwa, na watu wasiopata senti kwa kukataa. Ya pili imetoka ofisini mwa mwenye mfuko. Mzazi aweza kuikubali ile ya kwanza hata kama imemhuzunisha. Ile ya pili hawezi kuikubali hata kama ni ya haki.

Nasi jambo hili latuhusu. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hakuna mfuko wa bima duniani uwezao kulipia kila kitu, na asemaye kwamba upo awadanganya wananchi. Mfuko ni mali ya wote. Kulipia tiba isiyofaa ni kumnyang'anya mgonjwa mwingine dawa inayofaa. Kwa hiyo neno "hapana" litasemwa hapa pia, na litasemwa kwa wazazi.

Tunaloomba ni kwamba lisemwe kwa heshima na kwa haki: orodha ya tiba zinazolipiwa na zisizolipiwa iwe wazi, iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa kijijini atakielewa, sababu zitolewe na wataalamu wasiofaidika kwa kukataa, na rufani isikilizwe na mtu mwingine asiyekuwa yule aliyekataa. Hayo yakifanyika, mzazi atakayeambiwa kwamba tiba fulani haitamfaa mtoto wake ataweza kuliamini neno hilo, akarudi nyumbani na kuutunza uchache alio nao kwa ajili ya tiba itakayomfaa.