Kisodo: Usalama Wake Watokana na Muda na Maji

Nyuzi za pamba, zao la Shinyanga, hufyonza umajimaji. Ndivyo kifanyavyo kazi kisodo, yaani kitita cha pamba kilichoshindiliwa, kivaliwacho ukeni wakati wa hedhi. Mwaka 1980, wanawake wengi wa Marekani waliugua, wengine wakafa, kwa sumu ya bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Wengi wao walikuwa wametumia visodo vyenye kufyonza mno.

Basi kichaguliwe kifyonzacho kwa kadiri ya haja, kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 8, na mikono ioshwe kwa sabuni, hasa ya mchimbaji wa Geita aliyeshika zebaki. Homa ya ghafla, kutapika au vipele vikitokea, kitolewe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali.

Mwanafunzi ashindaye shuleni pasipo maji wala faragha hawezi kuyatimiza hayo. Heri atumie taulo ya hedhi.