Jina Moja Mara 16

Ndani ya vizazi 7 vya nasaba ya Wiston Cap, mbwa wa kondoo wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1963 na ambaye miaka miwili baadaye alitwaa ubingwa mkuu wa kimataifa, jina la Cap mwingine, mbwa wa bwana J. M. Wilson, laonekana mara 16. Nalikuwa nikitafuta habari nyingine kabisa hesabu hii iliponikabili, nami sijaweza kuipuuza tangu hapo. Vizazi 7 huwa na nafasi 254 za wazazi, mababu na mabibi. Katika nafasi hizo mzee mmoja amekalia 16! Sisi tusemao binamu nyama ya hamu hatushtushwi upesi na ndoa za jamaa, lakini hata kwetu, nasaba ya namna hii ingewafanya wazee wa posa waombe faragha ya kushauriana.

Asije mtu akadhani kuwa waliomfuga walikuwa wazembe. Mbwa hawa wa milima ya mpakani mwa Uingereza na Uskoti, ambao dunia huwaita Border Collie, kwa muda mrefu hawakuchaguliwa kwa urefu wa manyoya wala kwa rangi ya shingo, bali kwa kazi. Na atakaye kuielewa busara iliyokuwamo katika uchaguzi huo hana budi kumwendea Adam Telfer, mfugaji wa Northumberland, ambaye hoja zake zote zimo katika ndoa moja aliyoipanga. Upande mmoja palikuwa na jike mweusi, Meg, mwenye jicho kali mno. Jicho, kwa wachungaji wale, ni ule mkazo wa macho ambao mbwa, akiinamisha kichwa na kunyata pasipo kubweka wala kuuma, huutumia kumtawala kondoo mpaka ageuke na kwenda atakiwako. Ni kipawa, nacho kikizidi huwa pingu: mbwa mwenye jicho lililopita kiasi humkodolea kondoo hadi akaganda yeye mwenyewe, kundi likasimama, na mchungaji akabaki akipiga mluzi bure. Mfugaji mwenye pupa angalimtafutia Meg dume mwenye jicho kama lake, akitaraji ajabu maradufu. Telfer alimpandisha kwa Roy, dume mpole, mkunjufu, ambaye jicho lake halikuwa na ukali huo, na mwezi wa Septemba 1893 akazaliwa Hemp, aliyekuja kuitwa Old Hemp, mbwa mkimya mwenye nguvu ambaye kondoo walimtii bila ya taabu. Naistaajabia akili hiyo, isiyolundika sifa juu ya sifa ili kupata ukamilifu, bali huupa wingi wa mmoja kizuizi katika uchache wa mwenziwe.

Hemp alikufa mwaka 1901, kabla ya International Sheep Dog Society kuasisiwa huko Haddington mwaka 1906. Hata hivyo daftari la chama hicho limemwandika kwa nambari 9, kwa kuwa dhuria yake, watoto wanaokadiriwa kufikia 200, walikuwa wamekwisha kuenea katika mazizi ya nchi ile.

Chama hicho ndicho kisimamiacho mtihani ambao Wiston Cap aliushinda akiongozwa na John Richardson. Katika fainali yake mbwa hutumwa mbali kulileta kundi la kondoo 10, kisha, kazi ikiwa haijesha, huamriwa kuliacha na kurudi kutafuta kundi jingine la 10. Wakikutana wote 20, sharti watengwe 5 waliovishwa ukanda shingoni, na hao tu watiwe zizini. Wala mlango wa daftari haukufungwa: mbwa asiye na nasaba iliyoandikwa, akithibitisha kazi yake mbele ya waamuzi na afya yake ikapimwa, aweza kuandikishwa kwa stahili yake mwenyewe. Yako madaftari ya wanadamu yasiyo na uungwana huo.

Lakini mtihani wa malishoni hupima kinachoonekana. Iko ila ya macho ambayo mbwa hawa hurithi, inayoharibu ujenzi wa sehemu ya nyuma ya jicho na, kwa wachache, kupofusha. Mwenye nakala moja tu ya jeni mbovu haumwi. Huona, hukimbia, hushinda vikombe. Wakipandishwa wawili wa namna hiyo, kwa wastani robo ya watoto huzaliwa na ila, na nusu huwa wabebaji kama wazazi wao. Siku hizi kipimo cha vinasaba humfichua mbebaji, na hapo huja kishawishi kingine, cha kumfuta kabisa katika uzazi. Huonekana kuwa uadilifu, kumbe aghalabu ni hasara, maana mbebaji akipandishwa kwa mwenzi aliye safi hapatikani mtoto hata mmoja mwenye ila, na damu yake, ikiwa ni adimu, husalimika. Telfer, asiyekuwa na maabara, nadhani angaliielewa hesabu hiyo mara moja.

Wiston Cap alizaa mabingwa wakuu 3 na akawa babu wa wengine 3. Umbo lake ndilo lililomo katika nembo ya chama. Kila mchungaji aliyempelekea jike wake alifanya jambo la busara kwa zizi lake, na busara hizo zilipojumlishwa, nasaba nyingi za leo zikarudi kwenye mlango mmoja. Ukisema dume awekewe kikomo cha majike, utaulizwa: lau kikomo hicho kingalikuwapo mwaka 1965, ni yupi katika wale 6 asingalizaliwa, na nani angalijua kumchagua? Na ukisema aachwe, mfugaji wa kesho atamtoa wapi dume asiye jamaa wa jike wake?