Mlo wa Mbwa wa Ngumbo: Maji Kiasi Gani, Chakula Kiasi Gani?

Katika maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi chakula cha mbwa huuzwa kwa namna mbili. Kipo kile cha majimaji, nyama na nafaka zilizopikwa pamoja na kufungwa katika makopo. Na kipo kile kikavu, cha punje ngumu zilizotiwa katika mifuko. Mnunuzi husimama mbele ya rafu akajiuliza kipi ni bora. Swali hili laonekana kuwa la watu wa mjini wenye fedha za kuchezea. Lakini huko Ngumbo, ufukoni mwa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, swali hilohilo hujibiwa kila jioni bila kuulizwa, na jibu baya laweza kumwua mbwa. Laweza pia, kama itakavyoonekana, kufunua hatari inayomkabili mtoto wa nyumba hiyohiyo.

Ngumbo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Watu wa pwani hiyo ya ziwa ni wavuvi na wakulima wa muhogo. Mbwa wao hafugwi kwa kupendeza macho: hulinda nyumba usiku, na shambani hufukuza nguruwe mwitu na nyani wanaofukua muhogo. Ujira wake ni makombo ya ugali, vichwa vya samaki, na usipa, yaani dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao wataalamu huwaita Engraulicypris sardella. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na asubuhi huanikwa juani. Basi mbwa wa Ngumbo naye ana chakula cha majimaji na chakula kikavu, ingawa hajapata kuona kopo wala mfuko.

Hila ya maji

Kosa la kwanza la watu wengi ni kulinganisha vyakula kwa uzito wake kama vilivyo. Chakula cha mbwa cha kopo huwa na maji kiasi cha asilimia 75 hadi 80. Kile cha punje kavu huwa na maji asilimia 10 au pungufu. Kwa hiyo kopo linaloandikwa protini asilimia 8 si duni kuliko mfuko unaoandikwa asilimia 24. Maji yakiondolewa katika hesabu, kinachobaki huitwa mada kavu, na humo ndimo virutubisho vilimo. Ikiwa kopo lina maji asilimia 78, mada kavu ni asilimia 22. Protini 8 katika 22 ni zaidi ya theluthi moja. Mfuko wenye maji asilimia 10 una mada kavu asilimia 90, na protini 24 katika 90 ni kama robo na ushei tu. Aliyedhani mfuko umeshinda amedanganywa na maji.

Hesabu hiyo hufaa sana kwa usipa. Samaki mbichi huwa na maji karibu robo tatu ya uzito wake. Usipa aliyekaushwa barabara hubaki na maji kama asilimia 10. Gramu 100 za usipa mkavu zina gramu 90 za mada kavu. Ili kupata kiasi hicho katika usipa mbichi, zahitajika gramu 360. Anayempa mbwa kiganja cha usipa mkavu amempa sawa na viganja vitatu na nusu vya usipa aliyetoka majini. Jua halikuongeza chochote katika samaki, limeondoa maji tu.

Ugali nao? Kilo moja ya unga ina maji kama asilimia 12, yaani mada kavu gramu 880. Ikisongwa kwa lita mbili za maji hutoa ugali wa kilo tatu hivi. Gramu 880 katika 3,000 ni asilimia 29, na sehemu iliyobaki, asilimia 71, ni maji. Kwa kipimo hiki ugali, hata ule mgumu unaokatika kwa uzi, uko karibu na kopo kuliko mfuko. Mbwa wa kijijini anayeshinda kwa ugali hula chakula cha majimaji maisha yake yote.

Hilo lina faida moja. Mbwa hatoi jasho mwilini kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema, na kila ahemapo hupoteza maji kwa njia ya ulimi na mapafu. Mbwa mwenye afya, mahali pasipo na joto kali, huhitaji maji kiasi cha mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na yale yaliyomo katika chakula huhesabiwa humo. Alaye ugali hunywa kidogo. Abadilishiwaye akapewa chakula kikavu bila chungu cha maji pembeni huteseka, ingawa ziwa liko hatua mia moja tu kutoka nyumbani na yeye amefungwa kamba.

Muhogo, samaki, na mbwa wa kilo 12

Sayansi imebomoa imani ya zamani kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefugwa, asiyeweza kula ila nyama. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Erik Axelsson, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza amilesi ya kongosho, kimeng'enya kinachovunja wanga. Mbwamwitu ana nakala 2; mbwa waliochunguzwa walikuwa na 4 hadi 30. Kwa kukaa na binadamu mkulima, mbwa alijifunza, kwa vizazi vingi, kula alicholima binadamu.

Lakini kuweza kusaga wanga si sawa na kutosheka nao. Mbwa wa kijijini wa kilo 12 anayetembea na kufanya kazi huhitaji nishati ya kilokalori 800 hivi kwa siku, na protini nzuri gramu 20 au zaidi kidogo. Gramu 200 za unga zitatoa kilokalori 700 au zaidi, basi kwa nishati tumbo halilalamiki. Kwa protini mambo ni tofauti kabisa. Unga wa mahindi wa kiasi hicho huwa na protini gramu 16 hadi 20, tena iliyopungukiwa na laisini na triptofani, asidi amino mbili ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Unga wa muhogo wa kiasi hichohicho huwa na gramu 3 tu. Mbwa huyo ataonekana ameshiba huku misuli yake ikiliwa na mwili wake mwenyewe.

Gramu 30 za usipa mkavu, kiganja kimoja tu, huleta protini kama gramu 18 zenye laisini ya kutosha. Na kwa kuwa usipa huliwa mzima pamoja na mifupa, huleta na kalisi. Jike mwenye mimba au anayenyonyesha, na watoto wa mbwa, wahitaji zaidi ya hapo.

Je, usipa huyo awe mbichi au mkavu? Hapa pana jambo la kuangalia. Mwaka 1932, katika shamba la kufugia mbweha la mtu aitwaye Chastek huko Minnesota, Marekani, mbweha waliolishwa samaki wabichi jamii ya carp walipooza na kufa. Baadaye iligunduliwa kwamba samaki hao wana kimeng'enya, tiaminesi, kinachoharibu vitamini B1. Mbweha ni jamaa ya mbwa, na usipa ni jamaa ya carp. Moto huharibu kimeng'enya hicho. Basi samaki wa mbwa apikwe, hata kama ni kwa kutumbukizwa katika maji yanayotokota dakika chache, na mbwa asizoeshwe kula samaki mbichi kila siku.

Sumu iliyomo katika unga

Muhogo mchungu una linamarini, kemikali ambayo, muhogo ukikatwa au kusagwa, hukutana na kimeng'enya kiitwacho linamarasi na kutoa sayanidi. Kuloweka muhogo siku kadhaa hadi ulainike huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kukausha vipande vikubwa juani bila kuloweka huondoa kidogo sana, maana vipande hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi yake. Katika mwaka wa ukame watu huwa na njaa na haraka, na muhogo wenyewe huwa mchungu zaidi.

Mwili hujitetea kwa kimeng'enya kingine, rodanesi, kinachounganisha sayanidi na salfa na kuifanya thiosianati, ambayo hutoka na mkojo. Salfa hiyo hutoka katika asidi amino za protini, nazo ni chache mno katika muhogo. Mbwa amepungukiwa mara mbili: rodanesi mwilini mwake ni kidogo kuliko ya wanyama wengi, na mlo wake ndio ule wa mabaki. Majaribio ya B. P. Kamalu, yaliyochapishwa mwaka 1991 katika British Journal of Nutrition, yaliwalisha mbwa gari, ambayo ni chakula cha muhogo cha Afrika Magharibi, na kongosho zao zikaonekana zimedhurika.

Mbwa katika majaribio hayo hakuwekwa kwa ajili yake mwenyewe. Aliwekwa badala ya binadamu. Ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu yote miwili ghafla na bila tiba ya kuurudisha nyuma, huwapata hasa watoto na wanawake walao muhogo mchungu usiotengenezwa vizuri, bila samaki, nyama wala kunde. Nchini Tanzania uliripotiwa Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulizipata wilaya za Mtwara na Mbinga. Ufuko wa ziwa una usipa, na huo ni mlinzi mkubwa. Lakini usipa mkavu huuzwa, na nyumba yenye shida ya fedha huuza wote na kula ugali mtupu. Mbwa wa nyumba kama hiyo ndiye wa mwisho kupata samaki, akifuatana na mtoto.

Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alibuni njia rahisi, na njia hiyo imefundishwa kusini mwa Tanzania. Unga wa muhogo huloanishwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa kivulini saa 5 au juani saa 2, kisha ukasongwa siku hiyohiyo. Maji huamsha kimeng'enya kilichobaki katika unga, na sayanidi huruka hewani kama gesi. Sumu hupungua mara tatu hadi sita. Unga mkavu ulihifadhi sumu. Unga ulioloanishwa huiachia. Walimu wa kemia wangefanya vyema kulieleza jambo hili darasani, kwa kuwa ni kemia ambayo mwanafunzi anaweza kuipeleka nyumbani jioni ileile.

Ukavu usio kamili

Sifa kubwa ya chakula kikavu humfaa zaidi mwenye mbwa: hakiozi upesi. Hata historia yake ni ya biashara na uhifadhi. James Spratt, Mmarekani, alianza kuuza biskuti za mbwa London katika miaka ya 1860, kwa mfano wa biskuti ngumu za mabaharia. Makopo ya nyama ya farasi yalienea Marekani kuanzia mwaka 1922. Vita vya pili vya dunia vilipoadimisha bati, viwanda vikarudia chakula kikavu. Dai kwamba punje kavu husafisha meno halina nguvu, kwa kuwa punje za kawaida huvunjika mara jino linapozigusa.

Ukavu hulinda ikiwa ni kamili. Mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 14 huota ukungu, na ukungu uitwao Aspergillus flavus hutoa sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya batamzinga wengi kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Huharibu ini, haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi: miligramu moja au hata nusu yake kwa kila kilo ya uzito wake yatosha kumwua. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, huko Marekani, wanyama zaidi ya 110 walikufa wakihusishwa na chakula kikavu cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Binadamu nao wamekufa: nchini Kenya mwaka 2004 watu 125, na katika Tanzania ya kati, Dodoma na Manyara, mwaka 2016.

Kwa hiyo desturi ya kuchambua mahindi yaliyoota ukungu na kumwekea mbwa na kuku ni mbaya. Mbwa hufa, ama hudhoofu miezi mingi na macho yake kuwa ya manjano, na watu husema amerogwa au amekula sumu ya panya. Kuku asipokufa huweza kuirudisha sehemu ya sumu ile katika yai. Mahindi ya namna hiyo hufukiwa.

Wakati wa masika, tangu Desemba hadi Aprili, jua la kukaushia ni haba, na usipa aliyeanikwa mchangani hunyeshewa, akaoza nusu na kukauka nusu. Huyo ni hatari kuliko mbichi na mkavu wote wawili. Chanja iliyoinuliwa juu ya mchanga, yenye turubai la kufunikia mvua ikija, hukausha upesi na kuzuia mchanga usiingie katika samaki. Ambapo chanja haipo, usipa wa masika apikwe siku ileile alipovuliwa, na mbwa apewe sehemu yake ikiwa bado na maji yake.