Perege na Mchicha katika Maji Yale Yale
Kiangazi kinapofika, Mto Katuma mkoani Katavi hupungua sana; hivyo mkazi wa Mpanda hana budi kutumia maji kwa uangalifu. Njia mojawapo ni kufuga perege tangini nyuma ya nyumba, na kuyapitisha maji yao, kwa pampu ndogo, katika kitalu cha kokoto kilichopandwa mchicha, kisha kuyarudisha. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria waishio juu ya kokoto huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu nitrati, chakula cha mimea. Lakini bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 ili kuongezeka vya kutosha. Ajazaye samaki siku ya kwanza huwaua kwa uchafu wao wenyewe. Basi aanze na wachache, tena awalishe kidogo.