Kitufe cha 'Kataa' kimefichwa wapi?

Mama mboga akikupangia nyanya nzuri juu na mbovu chini, utamwita mlaghai. Je, mtengenezaji wa tovuti anayekipaka rangi kitufe cha 'Kubali' kikang'aa, kisha akakificha cha 'Kataa' kwa maandishi madogo, tumwiteje?

Mwaka wa 2010, Harry Brignull wa Uingereza alianza kuorodhesha hadharani hila za aina hiyo. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya kutumia habari zako iwe ya hiari na ya wazi. Ridhaa ya kuviziwa si ridhaa.

Lakini sheria haiketi na fundi akichora ukurasa. Dhamiri ndiyo huketi naye. Wahenga walinena, kizuri chajiuza. Nawe msomaji, usiharakishe kubonyeza. Kitafute kwanza kile kitufe cha pili.